Maji Yenye Ninamunyima Mwana Wenu

Beni, kwa lopitali

Mama mupenzi,

Ninawasalimia kwa heshima, ninyi na Baba. Magoti yenu inaendelea namna gani? Na kule Kisangani, masasi imenyamaza kidogo? Siye huku tuko bazima, kuondoa mwana wenu, bwana yangu, na njo juu yake ninaandika.

Mama, jana kwa phonie, ile radio ya kuitana, mulinikosea. Mbele ya batu yote yenye balikuwa banangoja zamu, mulisema: «Unamunyima mwana wangu maji, unataka akufe?» Opérateur wa ile radio akaniangalia kama mulozi, muchawi. Mbele nijibu, bakakata. Basi munisome polepole.

Munajua méningite, ile homa ya bongo, ilimukamata Oicha, kule alitumwa kufundisha mbele vita ianze. Homa ilipoa, mais akabakia na akili ya kuchanganyikiwa, na mukojo yake ikawa kidogo, nyeusi kama tchai ya kulala. Kila mutu mwenye anapita anasema: «Anakauka, mumupatie maji.» Hata miye nilisema vile.

Docteur akapima mukojo, akapima na damu. Akaniambia: «Madame, hapana kuangalia mukojo peke yake, uangalie na damu. Mutu wa kukauka, byote bibili binakuwa bizito. Bwana yako, mukojo iko nzito, mais damu iko nyepesi, chumvi imepotea ndani ya maji mingi. Mafigo ingepashwa kutupa ile maji inje. Mais juu ya ugonjwa, kichwa inatuma tu ormone yenye inasema: mushike maji, mushike maji. Ukimunywesha, maji inapanda kwa bongo.» Donc kikombe kiloko, kidogo tu, kwa siku.

Sawa. Nikakamata kartoni, nikaandika kwa herufi kubwa: HAPANA MAJI. Nikaitundika juu ya kitanda, nikaenda kufula mashuka. Sasa musikie. Bamama ya kanisa ya Beu, kartié ya hapa, bakafika kumuombea, bakasoma. Munajua balielewa nini? Kama mu chumba maji hakuna! Bakatuhurumia, bakaenda kuchota bidon muzima, bakamunywesha. Nilibakuta banaimba. Muke wa shemasi akaniambia: «Mama, kumbe munateseka hivi na hamuseme?» Nikabanyanganya bidon. Batu bazuri, ba mapendo, na banataka kuniulia bwana.

Jua halijashuka, akaanza kutetemeka mwili muzima, akauma ulimi. Alipotulia akaniita «madame», akaniuliza nilitoka wapi. Miaka yetu yote, Mama, na ananiuliza nilitoka wapi. Nilikasirika mupaka nikapasua ile kartoni. Nikaandika ingine: KUMUNYWESHA KITU, HAPANA. Hata hii, kuna mutu aliniuliza kama maziwa iko kitu.

Kwa ile, hapana kutuma mutu na chupa ya maji ya kuombewa. Na kwa phonie museme tena, mbele ya batu bale bale, kama bokilo wenu, muke wa mwana wenu, hana roho mubaya. Ninawaomba ile.

Musalimie Baba, na shemeki yangu fundi wa baisikeli, na tantine, ule shangazi mwenye anauzisha samaki ya kukausha. Batoto yangu babili wenye muko nao, mubaambie papa anaendelea.

Leo anajua jina yangu. Aliniita kabisa, akaomba maji, midomo imepasuka. Kikombe ya siku ilikuwa imeisha, nikasema hapana. Akasema: «Mama yangu angenipatia.» Nikamujibu: «Ni kweli, angekupatia.» Akalia kama mutoto, na miye nikalia. Maji sikumupatia.

Ni miye bokilo wenu, mwenye anawaheshimu,

Mama Espérance