Masikio Yanafaa, Nyumba Haifai

Nyuma ya duka la cherehani,
Jumapili, 9 Machi

Mpendwa mdogo wangu,

Hujambo huko? Mgongo umekuachia, au wale wazee unaowatunza bado wanakulemea? Sisi wazima, isipokuwa mimi nimeteguka kidole na mumeo hana jino la mbele. Usiitupe barua. Kaa kitako kwanza.

Mwanao Kidoti alipimwa Jumanne, waone kama anafaa kupandikiziwa kile kifaa cha kusikia. Picha za kichwa zilishatoka vizuri: mshipa wa kusikia upo, hauna kasoro. Kilibaki kipimo cha mwisho, kuthibitisha kwamba vifaa vya kuvaa nje havimsaidii. Wanamkalisha kwenye chumba kisichopitisha kelele, kila akisikia mlio adondoshe kete ndooni.

Mtoto akadondosha kete zote! Mpimaji, mama mmoja mpole wa miwani, alishangaa, maana vipimo vya nyuma vilionyesha hasikii kitu. Akaizima mashine kimyakimya, akawa anabonyeza kitufe bure. Kete zikaendelea kudondoka. Hapo akamgeukia mumeo, aliyekaa mbele ya mtoto, akamwomba atoke nje.

Shemeji alipotoka, yule mama akainua mkono kumrekebishia kifaa sikioni. Mdogo wangu, Kidoti alijifunika kichwa kwa mikono miwili, akaingia chini ya meza, akajikojolea.

Kumbe mumeo alidhani ule ni mtihani wa kufaulu, kwamba anayesikia walau kidogo ndiye anayepewa. Muda wote huu alikuwa akimfundisha nyumbani. Wanakaa wakitazamana, baba anagonga sufuria chini ya meza, na mtoto asipoinua mkono anakula mwiko wa kichwa. Basi mtoto akajifunza kusoma bega la baba. Kule hospitali shemeji alikuwa akimwangalia mpimaji anavyobonyeza, naye anachezesha bega. Nilipomuuliza pale koridoni alinijibu bila haya, "Samaki mkunje angali mbichi, shemeji. Mimi namtakia mema."

Damu ilinichemka. Nilivua kiatu, unavijua vile vyangu vya soli ya mbao, nikamtandika nacho mdomoni. Jino likaruka. Akanibamiza ukutani nikaona nyota, nami nikamng'ata mkono mpaka nikaonja damu. Mlinzi na wauguzi wawili ndio waliotutenganisha. Sikufichi, nilisikia raha.

Alhamisi lilikaa jopo: daktari wa upasuaji, mpimaji, mwalimu wa matamshi na ofisa wa ustawi wa jamii. Wakasema masikio yanafaa, nyumba haifai. Kifaa kinakaa chini ya ngozi ya kichwa, na pigo moja laweza kukiharibu. Tena upasuaji peke yake si kitu, mtoto anataka mtu wa kumzungumzisha kutwa, miaka na miaka, bila kumtisha. Naye ana miaka minne tayari. Akizidi kuchelewa, maneno yatazidi kuwa magumu kwake.

Nikasimama nikasema, basi akae kwangu! Tangu Jumanne analala kwangu. Ofisa akamleta Kidoti, akaniomba nimshike mkono tu. Nilipounyoosha, mtoto akajifunika kichwa.

Alikuwa mlangoni siku ile. Aliona kiatu, aliona jino, aliona damu mdomoni mwangu. Mimi nilijua nampigania, yeye aliona mtu mwingine anayepiga. Wapiganapo tembo nyasi huumia, na nyasi ni mwanao. Vile viatu nimevichoma, lakini yeye bado ananitazama mabega.

Faili halijafungwa. Wametupa mpaka Juni tulete mlezi anayefaa, nami nimewaambia yupo mmoja. Usituletee zawadi wala hela. Njoo wewe. Na ukifika mlangoni usimkimbilie. Piga magoti, mikono yote miwili iwe chini, umngoje.

Mama anakusalimu sana, na kaka mkubwa na mkewe, na binamu yetu Kijiko. Mungu akulainishie mioyo ya mabosi wako, akufikishe salama.

Wako akupendaye,
Dada yako mkubwa