Bei ya Shemeji

Mpendwa mshauri, shikamoo, na pole kwa kazi ya kusikiliza shida za watu usiowajua, mimi ni mwoka mikate na nakuandikia nikiwa nimekalia gunia la unga kwa sababu viti viko ndani na huko ndani nimenuniwa, naomba sana unijibu kabla ya Jumamosi maana ndiyo siku niliyoahidi kutoa jibu.

Mikate yangu naisambaza kwa baiskeli, kreti mbili nyuma na moja mbele, na mvua ikinyesha wenye maduka hunitazama kama nimewaletea sponji, wawili wameshanihama wamekwenda kwa mwoka mikate mwenye gari, kwa hiyo gari nalihitaji, si mbwembwe. Sasa kaka wa mke wangu, ambaye mtaani wanamwita Bosi ingawa sijapata kumwona mtu aliyewahi kufanya kazi chini yake, anauza gari lake na amenifanyia bei ya shemeji. Kweli, kwenye yadi ya magari nilikuta ya aina hiyohiyo na ya mwaka huohuo kwa bei ya chini kidogo, lakini Bosi akanielimisha kwamba yale ni ya watu baki, "na ukinunua kwa mtu baki, shem, likiharibika utamlilia nani?" nikaona ana hoja.

Nilikwenda kuliona, nikakuta ameshaliwasha zamani, injini ya moto, kwa kuwa hakutaka mgeni wake asubiri, na redio ikiimba kwa nguvu hata tukawa tunaongea kwa ishara, nilipotaka kuipunguza akanishika mkono akasema spika hizo ni sehemu ya bei. Limepakwa rangi mpya. Chini yake ametandika boksi, nikauliza la nini, akasema anapenda usafi. Halafu huliegesha kwenye mteremko siku zote, pua ikitazama chini, hata sokoni ambako tambarare imejaa tele, nadhani ni mazoea tu.

Mimi si mjinga, mshauri, nilidai fundi, naye Bosi bila kinyongo akamwita wa kwake. Fundi hakufungua hata boneti, alilipiga gari kofi la ubavuni akacheka, akaniambia, "Mzee, hili sina haja ya kulikagua. Nalijua kama mwanangu. Haipiti wiki hatujaonana." Nilifarijika sana.

Pesa yangu haitoshi, lakini nimepata mtu wa kununua tanuri langu kubwa, nitabaki na lile dogo. Kilichoharibu ni kumwambia mke wangu kwamba labda nitafute na fundi mwingine, akaniuliza, "Kwa hiyo kaka yangu tapeli?" na tangu hapo chai naikuta mezani imepoa. Ajabu ni kwamba mke wangu mwenyewe, Bosi akipita kumpa lifti, hakubali, anatembea saa nzima mpaka kazini, ati mazoezi, na mtoto wetu hamruhusu kupanda. Swali langu ni hili, bei hiyo ni halali, au nimwombe apunguze kidogo, na nikiomba si nitakuwa nimemvunjia heshima?

Ni mimi, mwoka mikate mwenye haraka.

*

Marahaba, mwoka mikate.

Barua yako nimeisoma mara mbili, ya kwanza kwa huruma, ya pili nikiwa nimeshika mbavu. Unaniuliza kama gari lina thamani ya bei yake, na jibu umeshaliandika mwenyewe, tena kwa mwandiko mzuri. Ungeisoma kabla ya kuituma, ungeokoa stempu.

Tuanze na huo usafi. Mpenda usafi hufagia, baba. Boksi chini ya gari huwekwa linywe oili. Injini hupashwa moto mapema ili mnunuzi asisikie inavyokohoa ikiwa baridi, na redio hupewa kazi ya kufunika kinachogonga. Ama huo mteremko, pongezi kwa shemeji yako, amepata stata ya kuwashia gari isiyoharibika. Lakini wewe mikate yako unaipeleka madukani, na maduka hayakujengwa mteremkoni ili yakufae. Utakuwa unaomba wateja watoke kukusukuma?

Aliyenimaliza kabisa ni fundi. Haipiti wiki hawajaonana, na wewe ukafarijika! Daktari akikwambia kuna mgonjwa anamjua kama mwanawe na kila wiki wako pamoja, utasema huyo ndiye mzima? Maskini fundi wa watu alikupa ukweli mchana kweupe, mbele ya mwenye gari, ukaupokea kama baraka. Katika kisa chako chote, mkweli ni yeye peke yake, na kofi lile lingekufaa wewe.

Bei ya shemeji maana yake ni bei ambayo mtu baki angeikataa. Mtu baki angebisha, angelala chini ya gari achungulie, angezima redio bila kuomba ruhusa. Wewe umefungwa mdomo kwa heshima, na heshima hiyo ndiyo iliyoongezwa juu ya bei ya yadi. Ukitaka kumlilia likiharibika, mlilie tu. Atakujibu kwamba alikukabidhi likiwa zima.

Sasa mkeo, na hapa naweka utani pembeni. Mwanamke anayetembea saa nzima kuliko kupanda gari la kaka yake, na akamkataza mtoto kulipanda, huyo ameshalikagua kukushinda wewe na fundi. Amebanwa katikati. Akisema ukweli amemuumbua ndugu yake wa damu, na anakujua, siku mkikorofishana utamrushia hayohayo. Nawe kutwa unahesabu chai iliyopoa! Usimlazimishe kutamka kwamba kaka yake ni tapeli. Muulize taratibu, "Unaogopa nini mtoto wetu akipanda?" Kisha nyamaza umsubiri, hata akichelewa kujibu.

Kama maneno yangu hayakutoshi, nenda asubuhi bila kupiga simu, uguse boneti. Ikiwa baridi, mwombe alitoe mteremkoni mpaka tambarare, alizime, alipumzishe, aliwashe tena redio ikiwa kimya. Chukua fundi ambaye hajawahi kulitia machoni. Wala usiombe punguzo, kwa sababu gari bovu likipunguzwa bei linabaki bovu, ila wewe utakuwa umejifunga kulinunua.

Na mnunuzi wa tanuri mrudishe kwao leo. Unauza tanuri ili ununue gari la kubebea mikate. Mikate ipi? Umehangaika wiki nzima kutafuta gari la kukinga kreti tatu na mvua, hukuwahi kuwaza turubai! Linunue, lifunge vizuri, uwafuate wale wenye maduka wawili na mkate mkavu mkononi. Gari utanunua tanuri litakapokuwa limelilipia, tena la mtu baki unayeweza kubishana naye.

Mimi niliwahi kununua gari la mdogo wangu kwa bei ya dada. Niliona aibu kulikagua. Liliishi miezi minne, tukatoleana maneno mazito, na leo mwaka wa saba tunakutana kwenye misiba tu, tunapeana mkono huku kila mmoja akitazama pembeni. Gari silikumbuki hata rangi. Mdogo wangu namkumbuka kila siku ya Mungu.

Kwa hiyo Jumamosi mwambie shemeji hapana, umtazame usoni, usitoe sababu kumi. Atanuna. Mwache anune, shemeji aliyenuna bado unaye.