Warefu Wawili Mbele ya Milingoti Minne

Doha, Jumamosi, Novemba 2016

Vumbi tangu alfajiri. Majengo ya upande wa bahari hayaonekani kabisa, na wanachama wawili tu ndio waliokuja mazoezini leo, kwa hiyo nimekaa hapa mapokezi ya jimu ya wanawake, simu mkononi, nikijifanya napanga ratiba. Mwili unaniuma kwa sababu ya mechi ya jana. Moyo nao hauko sawa, na hilo ndilo limenifanya niandike.

Jana nilifanya jambo baya na kila mtu akadhani ni bahati mbaya.

Wanaosoma hapa kutoka nyumbani bado huniuliza huu ni mchezo gani, na mama yangu amekata shauri kwamba ni raga. Si raga, mama. Ni mpira wa Waaustralia. Mpira wenyewe una umbo la yai, na kila upande wa uwanja kuna milingoti minne. Ukiupiga kwa mguu ukapita kati ya ile miwili mirefu, pointi sita. Ukipita pembeni, kati ya mrefu na mfupi, pointi moja ya kufutwa machozi. Na ukiudaka ukiwa bado juu, kabla haujagusa ardhi, mwamuzi anapuliza filimbi, kila mtu anakaa mbali nawe, unapewa nafasi ya kupiga kwa utulivu. Ndiyo maana wanatafuta watu warefu wa kukaa mbele. Kazi ya mrefu ni kuruka na kudaka.

Mimi walinipata hapahapa jimu. Leanne, Mwaustralia mwalimu wa shule moja ya kimataifa na kocha wa timu, alikuwa mwanachama wetu, na siku moja aliniona nikizima kiyoyozi kule juu ukutani bila kupanda stuli. Akaniuliza kama najua kuruka. Nikamwambia nimecheza voliboli ya klabu miaka kumi na moja, kati kwenye neti. Wiki iliyofuata nilikuwa uwanjani Al Rayyan nikikimbiza yai, na nikacheka siku hiyo kuliko nilivyokuwa nimecheka mwaka mzima.

Miezi minne baadaye nikamleta Nekesa.

Nekesa nilicheza naye nyumbani. Alikuja klabuni akiwa msichana wa miaka kumi na tisa, mrefu kunizidi kwa vidole viwili, na akapewa nafasi ileile yangu ya kati. Wasiojua voliboli wanafikiri hapo ndipo uadui ulipoanza. Hapana. Katika voliboli wachezaji wawili wa kati hawakai mbele pamoja. Wachezaji wanazunguka, na mmoja akiwa kwenye neti mwenzake yuko nyuma au yuko nje ameketi, libero, yule mchezaji wa ulinzi wa nyuma tu, amemshikia nafasi. Miaka minne tulivaa jezi moja, tulilala chumba kimoja kwenye safari, tulichanana nywele, na hatukuwahi kusimama pamoja kwenye neti hata kwa pointi moja. Zamu yake ilianza pale yangu ilipoishia. Nilikuwa naketi kwenye benchi namshangilia mpaka sauti inakauka, na nilimaanisha.

Ni rahisi kumshangilia mtu ambaye haruki mahali unaporuka wewe.

Hapa Doha anafanya kazi ya ulinzi kwenye lango la shule, saa kumi na mbili kila zamu. Mimi ndiye niliyemwambia kuhusu kazi za huku, na mimi ndiye niliyempeleka kwa Leanne. Alibadilishana siku ya mapumziko na mwenzake ili Ijumaa awe huru. Aliniambia wakati fulani kwamba uwanjani ndipo mahali pekee katika nchi hii ambapo watu wanamwita jina. Langoni ni sista, au sekyuriti, au mkono tu unaopungwa ili afungue geti. Ijumaa ni Nekesa.

Sasa jana.

Tulicheza sisi kwa sisi na timu ya pili, mazoezi ya mwisho mazito kabla ya wageni kutoka Muscat kuja Ijumaa ijayo. Tunacheza tisa kwa tisa, na mbele tunakuwa watatu: mimi, Nekesa, na Joy, Mfilipino mfupi wa kliniki ya meno ambaye kazi yake ni kuokota kila kinachoanguka chini. Mpira wa mwisho ulipigwa kutoka katikati, ukapanda juu sana, na upepo ukauvuta upande wa Nekesa. Alikuwa peke yake. Beki wake alikuwa amebaki nyuma. Nekesa akainua mikono na akaita. Niliacha nafasi yangu nikaja mbio kutoka kando, nikaruka mbele ya uso wake, nikaupiga mpira ngumi. Ukapita pembeni. Pointi moja.

Tulishindwa kwa pointi nne. Angeudaka, angepiga akiwa mbele kabisa ya milingoti, mahali ambapo hata mimi sikosi. Sita badala ya moja. Hesabu ni hiyo.

Watu walicheka. Leanne mwenyewe alicheka. Timu nzima inajua kwamba sisi wawili tukibanwa tunasahau na kuupiga mpira badala ya kuudaka, kwa sababu mikono yetu ilifundishwa hivyo tangu utotoni. Wanatutania kila wiki, wanatuambia tutandikiwe neti. Wakasema voliboli imemrudia Jero, yaani mimi.

Mimi nikacheka nao.

Baadaye, kwenye kivuli cha magari, Leanne na mumewe Trevor walianza ubishi ambao nadhani walizaliwa nao. Je, warefu wawili wanaweza kucheza pamoja mbele? Trevor anasema hapana. Anasema mmoja anatosha, kwamba ukiweka wawili wanaenda kwenye mpira mmoja, wanazuiana, mpira unaanguka, na hakuna hata mmoja anayeinama kuuokota. Aliyebeba mpira katikati naye anachanganyikiwa, hajui ampe nani. Leanne anasema kila timu ina beki mmoja mzuri mrefu, mara chache wawili, kwa hiyo ukiwa na warefu wawili mmoja wao lazima akabwe na beki dhaifu. Anasema shida si urefu, shida ni kujua nani aende na nani abaki. Kwao watu wazima wanakosana kwa jambo hili kwenye meza za chakula.

Nilikuwa nafungua kamba za viatu nikisikiliza, nikidhani halinihusu sana. Kisha Leanne akaja akachuchumaa mbele yangu. Akasema mimi namjua Nekesa kuliko mtu yeyote, nifikirie kwa uaminifu, na Jumapili kwenye mazoezi nimwambie kama sisi wawili tunaweza kucheza pamoja. Nikisema hatuwezi, mmoja atakaa nje dhidi ya Muscat. Hakusema ni nani. Lakini mimi ndiye niliyetangulia, na alimuangalia Nekesa aliyekuwa anajaza chupa za maji.

Kwa hiyo neno langu moja linatosha kumtoa. Na neno lenyewe ni rahisi, maana Trevor ameshanipa sababu zote.

Tulirudi pamoja kwa basi, mimi na yeye. Kuna joto fulani la basi la Ijumaa jioni ambalo linawafanya watu wanyamaze, na nilikuwa nalishukuru. Tulikuwa tumekaribia kituo changu aliponiuliza, bila kunigeukia.

"Dada Jero, ile mpira ya mwisho nilikuita. Ulinisikia?"

"Sikusikia. Upepo ulikuwa mwingi."

"Sawa. Basi Ijumaa nitaita kwa nguvu."

Nilishuka. Nilimsikia. Nilimsikia vizuri kabisa, na siyo tu kumsikia.

Acha niseme yote, maana nikiandika nusu nitakuwa nimejidanganya mara ya pili.

Kidole cha pete cha mkono wangu wa kushoto hakikunjiki. Kilivunjika kwenye neti miaka sita iliyopita, kabla Nekesa hajaja klabuni, kikaungwa vibaya, na kwa voliboli hakikunisumbua sana kwa sababu huko mkono unakuwa wazi. Lakini kudaka mpira wa yai kunataka vidole vyote vifunge. Mimi vyangu havifungi. Katika mechi tano za mwisho sidhani kama nimedaka mipira mitatu. Kila ninapoona unakuja kwa kasi naupiga ngumi, watu wanacheka, wanasema voliboli, na mimi nimejificha ndani ya utani huo tangu mwezi wa tano. Nekesa naye alikuwa anakosea kama mimi. Halafu taratibu akaacha. Wiki tatu zilizopita alidaka minne kwa siku moja, na watoto wa Leanne pembeni mwa uwanja wakaanza kuliimba jina lake. Jina ambalo nilikuwa nimefurahi sana kwamba linaitwa.

Nilipomwona jana amesimama peke yake na mikono juu, nilijua ataudaka. Hiyo ndiyo sababu niliruka. Nina miaka thelathini na nne na nilimwonea wivu mtu niliyemfundisha kufunga viatu vya mazoezi ili visifunguke. Inaniaibisha kuiandika, na nimeifuta sentensi hii mara mbili kabla ya kuiacha.

Nimewaza asubuhi yote juu ya swali la Leanne, na nadhani yeye na Trevor wote wana haki, ila wanazungumzia watu wawili tofauti. Warefu wawili wanaotaka kudaka mpira uleule hawawezi kucheza pamoja, hapo Trevor hajakosea. Lakini nimekumbuka jambo ambalo sikuwahi kulithamini. Katika voliboli kuna mpira wa kati ambao unaurukia kwa nguvu zako zote, mkono umeuinua, ukijua seta anayegawa mipira hatakupa. Unaruka ili mabeki wa neti waruke nawe, na mwenzako wa pembeni apige akiwa peke yake. Nusu ya maisha yangu nimeruka hivyo. Hakuna aliyepiga makofi na sikuyahitaji, kwa sababu niliiona kama kazi. Hapa naweza kukimbia kutoka kwenye milingoti kana kwamba mpira ni wangu, beki wao bora anifuate, na nafasi yote ibaki kwa Nekesa. Kidole hakihitajiki kwa kukimbia.

Kwa hiyo jibu ni ndiyo, wanaweza, kama mmoja atakubali kukimbia akijua mpira haumfuati yeye. Na huyo mmoja hawezi kuwa yule anayedaka.

Saa saba, wakati wa chakula, nilimpigia Nekesa. Alikuwa ametoka kuamka, ana zamu ya jioni. Nilikuwa nimejipangia maneno mazuri na yote yakanikimbia.

"Nekesa, ule mpira. Nilikusikia."

"Najua," akasema. "Tuliangaliana."

Nikamuuliza kwa nini basi aliniuliza kwenye basi. Akasema alitaka kujua nitasema nini. Nilisikia mtu wa chumbani mwake akiburuta ndoo. Kisha akaniambia, bila kupandisha sauti, kwamba mimi ndiye niliyempeleka pale, na kama simtaki nimwambie usoni, arudi kulala Ijumaa kama wenzake. Aliniambia hakulala jana. Si kwa sababu ya mpira, akasema, mpira ni mpira tu. Kwa sababu ya upepo niliousingizia.

Nilimwomba msamaha. Nilimwambia juu ya kidole, na juu ya watoto wa Leanne na lile jina, na nililia kidogo hapo mapokezi, mgongo nimeupa mlango asije mteja akaniona. Hakusema amenisamehe. Alisema angalau sasa anajua ni kwa nini nashika kikombe kidole kimoja kikiwa kimenyooka. Miaka yote hiyo alidhani ni maringo.

Nikamweleza wazo la mimi kukimbia kando ili yeye adake, naye akasema Jumapili nije mapema nusu saa, tujaribu hiyo ya kukimbia, kwa sababu yeye haamini kwamba naweza kuupa mpira mgongo. Sikujua kama anatania. Akakata simu akajitayarishe.

Leanne nimeshamwandikia. Nimemwambia ndiyo, tunaweza, na kwamba Nekesa akae karibu na milingoti, mimi nianzie mbali. Nimemwambia pia kwamba ule wa jana haukuwa voliboli. Bado hajajibu, na nimeangalia simu mara nyingi kuliko inavyofaa. Inawezekana Jumapili nikaambiwa mimi ndiye nitakayekaa nje. Nitakaa. Sitafurahi, lakini nitakaa.

Kinachonitia hofu ni Ijumaa, kama nitapangwa. Kuandika ni rahisi, nimekaa kwenye kiti na kiyoyozi kinavuma. Uwanjani mpira unapopanda mwili hauniulizi, unaenda tu, na mwili wangu umefundishwa kuruka tangu nikiwa na miaka kumi na tatu. Mpira utapanda. Nekesa ataita, tena kwa nguvu kama alivyosema, na mimi nitamsikia.

Nitaweza kukimbia kwenda upande mwingine?