Ndoo ya Kabula

Jumatatu, 2 Machi
Palizi ya pamba tangu alfajiri. Mgongo unauma. Baadaye kitenzi changu cha Kiingereza, nisisahau shule wakati nasubiri kidato cha tano. Leo: punish. Kuadhibu. Nikatunga mfano: The teacher punished the boy. Nilifikiria fimbo tu.

Jumatano, 4 Machi
Mkutano wa sungusungu. Wiki iliyopita ng'ombe waliibwa, mwano, yowe la kuita msaada, ukapigwa, wanaume wote wakakimbilia porini. Baba yake Kabula hakutoka. Alisema mkewe alikuwa anatapika, hangeweza kumwacha. Hawakumsikiliza. Nyumba yake imetengwa. Hakuna kuwasalimu, kuwapa moto, wala kuwasaidia chochote. Atakayewasaidia atatengwa naye. Baba alitueleza hayo akiniangalia mimi. Kabula ni rafiki yangu tangu darasa la kwanza.

Ijumaa, 6 Machi
Kisimani. Kabula amejaza ndoo. Pembeni wanawake wanafua. Akaniambia taratibu, "Minza, nitwishe."
Ni kunyanyua tu na kumwekea kichwani. Nikainama, nikajifanya natoa mwiba kwenye ndala.
Mwanamke mmoja akasema, "Amwite baba yake. Si yupo nyumbani siku zote?" Wakacheka.
Kabula akamwaga nusu ya maji, akajitwisha mwenyewe, akaenda.
Mimi ni mwoga. Basi.

Jumapili, 8 Machi
Kanisani kina Kabula walikaa benchi la nyuma, peke yao. Padri aliposema tupeane amani, hakuna aliyegeuka. Mimi nilimpa mkono mama aliyekuwa mbele yangu mara mbili.
Nilidhani anayeadhibu ni mtu mmoja mwenye fimbo. Hii adhabu tunaitoa wote. Hata mimi ninayeogopa kuongea. Kunyamaza kwangu kumetosha.

Jumamosi, 21 Machi
Wamesamehewa. Baba yake ametoa mbuzi, wazee wamemla, yamekwisha. Baba anasema sasa ninaweza kumsalimu Kabula. Anasema kama vile ananipa zawadi.

Jumatatu, 23 Machi
Nimemkuta kisimani, tuko wawili tu. Mwangaluka, nikasema. Akaitikia vizuri, akauliza hali ya mama. Nikamwambia, "Lete nikutwishe."
Akaitazama ndoo yake. Ilikuwa nusu.
"Hii naiweza mwenyewe."
Akajitwisha, akaondoka bila haraka. Hakukasirika. Afadhali angekasirika.
Yangu ilikuwa imejaa, na hapakuwa na mtu mwingine. Nikamwaga nusu.