Uso wa Nyumba Yetu

Yucu Savi, Mixteca,
Oaxaca.
5 Novemba 1998.

Mpendwa kaka Macedonio,

Pokea salamu zetu huko kaskazini kwenye mashamba ya stroberi. Mgongo wako unaendeleaje? Sisi wazima, ila macho ya Mama sasa yanaona mwanga tu. Nyumba anaijua kwa kuipapasa.

Ramani ya nyumba mpya uliyotuma imefika. Fundi Abundio, yule wa mjini, aliitandaza usoni pa meza akatusomea: kuta za udongo zibomolewe, mlango uelekee barabara mpya. Mimi nilifurahi, sikufichi. Mvua inatudondokea mpaka tumboni mwa nyumba, tunapolala.

Mama aliipapasa ile ramani. Kisha akauliza, "Na uso wa nyumba utatazama wapi?"

"Barabarani, bibi," fundi akajibu. "Magari yatakupigia honi kukusalimu!"

"Kwa hiyo mlima tuupe mgongo?"

"Ah, bibi, huku kwenu hata jiwe lina mgongo! Nyumba ni nyumba tu."

"Basi na wewe ni mdomo mtupu, mwanangu. Kunywa uji wako wa atole."

Siku ya wafu tulimwaga maua ya manjano kutoka miguuni pa mlima hadi usoni pa nyumba, ili marehemu Baba asipotee akija kututembelea. Alasiri nikasinzia kando ya tamale za unga wa mahindi tulizompikia. Nikaota nyumba inainuka taratibu, kama mwanamke anayetoka kusuka mkeka, inageuka. Baba akaja na kofia yake, akafuata maua, akakuta mgongo. Akaupapasa kwa muda mrefu. Hakupiga hodi, akarudi mlimani.

Niliamka nalia. Mama akaniambia hata yeye ameiota ndoto hiyo. Sijui kama ni kweli au alitaka kunifariji tu.

Kaka, saruji weka, mabati weka, Mama amekubali. Uso tu usigeuzwe. Fundi anasema hasogezi mlango bila neno lako, na Jumatatu ya mwisho wa mwezi huu anaanza kubomoa. Nakusihi upige simu dukani kwa Tomasa kabla ya hapo.

Wewe pia uliondoka kwa njia ile ya mlimani. Mama haulizi tena utarudi lini. Anauliza, ukirudi, utaingilia usoni au mgongoni.

Msalimie wifi Rufina na watoto. Mungu akulinde, na mlima usikupe mgongo.

Wako akupendaye,
dada yako Eufrosina.