Honi ya Biskuti

Nadine, uko? Wamemuua Biskuti. Biskuti wangu!

Yule choroa niliyemlea kwa chupa jikoni, si unakumbuka swala yule alivyokwaruza friji kwa pembe zake ndefu?

Royce kaleta mgeni wa kuwinda hapa ranchi. Nikamwambia, "Mume wangu, Biskuti asiguswe." Akasema, "Acha presha, yuko kule bondeni, hatamwona."

Mchana nikawapelekea chakula. Kufika getini nikapiga honi. Mazoea tu, Nadine! Biskuti akisikia honi yangu anajua nimemletea mahindi. Akaja mbio, akasimama pale njiani akinisubiri.

Mgeni akasema, "Huyu dume hana woga kabisa!" Royce akatazama buti zake. Kabla sijafungua mdomo, bunduki ikalia.

Halafu mgeni akanipa simu nimpige picha na Biskuti.

Nikapiga, Nadine. Hata nikamwambia atabasamu.