Nilisema Simfahamu

Mjomba, shikamoo.

Najua hutaitikia, lakini ningeanzaje bila hiyo? Wewe mwenyewe ulinichapa fimbo mbili za mpera siku nilipokupita njiani bila kukuamkia, halafu jioni ukanipa kipande cha sega ili ninyamaze. Nimeandika shikamoo, nikaweka kalamu chini, nikangoja ile "Marahaba, Mdomo" yako. Hakuna mtu mwingine anayeniita Mdomo sasa. Wote wananiita Mama Tumaini, au Mjumbe, kana kwamba mimi ni mtu wa maana.

Mwezi wa nne huu tangu tukuzike. Vitunguu vimetoka vizuri huku Malolo, vinono, vyekundu, ungevifurahia. Chumba chako hakijaguswa. Kitanda nimekitandika na lile blanketi la kijani, na kofia yako iko kwenye msumari wake. Mizinga miwili ya karibu na mfereji ina nyuki bado. Ile ya msituni sijui. Hakuna anayekwenda.

Mjomba, nina neno. Nimelibeba muda mrefu, na nililibeba hata ulipokuwa hai, nikakaa nalo mbele yako, nikakuangalia machoni. Nivumilie, nitalisema kwa utaratibu, maana nikikurupuka nitalia na karatasi ni hii moja tu.

Unakumbuka mlivyokamatwa. Nasema "mlivyo" kwa sababu mlikuwa wawili, wewe na mume wangu. Mizinga yenu ilikuwa ndani ya msitu wa hifadhi, ingawa wewe ulikuwa ukisema kila siku kwamba mizinga ilitangulia, kibao cha hifadhi ndicho kilichoifuata. Walinzi walipotokea, Baba Tumaini alitimua mbio mpaka akaacha ndala moja. Wewe uliketi chini na ndoo yako ya asali. Magoti yalikuwa yamekwisha, utakimbiaje?

Kule mahakamani Mikumi walikuuliza mlikuwa wangapi. Ukasema, "Mimi na nyuki." Watu wakacheka, hata karani akacheka. Mimi sikucheka, nilikuwa benchi la nyuma nikiitazama meza, kwa sababu ile ndala ilikuwa juu yake pamoja na panga na ndoo, na kila mtu aliona kwamba si saizi yako. Ukapewa miaka miwili. Ulipopita kwenda kwenye gari ulinong'ona, "Mwambie akanunue ndala mpya." Ulimficha mume wangu kwa mzaha, Mjomba. Ulifungwa peke yako ili mimi nisibaki peke yangu.

Sasa lisikilize neno lenyewe.

Ulikuwa umekaa ndani miezi mitano. Jumatano moja, mchana, nimeketi barazani nachambua vitunguu, ikaja bodaboda. Akashuka kijana, shati limechomekwa, faili la kaki kwapani. Akaniamkia vizuri. Akauliza kama mimi ndiye mjumbe wa nyumba kumi. Nikasema ndiye. Akafungua faili, akasoma, "Namuulizia Yeremia Mkwanda. Mnamfahamu hapa?"

Mimi niliona faili tu. Mume wangu alikuwa nyuma ya nyumba anapasua kuni, namsikia shoka lake, pa, pa, pa. Nikajua wamekuja kumtafuta mwenye ndala, wakianzia kwenye jina lako. Unajua sisi tulivyo, Mjomba. Akija mgeni wa serikali akaulizia mtu kwa jina lake la ubatizo, hata mtoto wa miaka sita anajua kujibu hayupo. Wewe mwenyewe ulitufundisha.

Nikasema, "Simfahamu."

Akaniuliza tena, kwa upole, wala hakunikalia kooni. "Una uhakika, mama? Ametaja kitongoji hiki." Na mimi, Mdomo wako, nikamjibu kwa kiburi kwamba ninawajua watu wangu wote mpaka mbwa wao, na mtu wa jina hilo hajawahi kuishi hapa. Akaandika. Nikampa maji akanywa, akashukuru, akaondoka. Nikazunguka nyuma kumwambia Baba Tumaini nilivyomzungusha yule kijana, tukacheka. Ee Mungu wangu, tulicheka kweli, mpaka shoka likamponyoka.

Mwezi uliofuata nilikuja gerezani Kilosa kukuona. Ulikuwa umekonda, kikohozi kimeanza, lakini macho yako yalikuwa yanang'aa. Ukaniuliza kabla hata sijakaa vizuri, "Hajaja mtu kuniulizia?" Nikasema, "Mtu gani?" Ukasema askari mmoja amewaambia kwamba humo ndani wamejaa mno, na wenye vifungo vifupi wanaangaliwa, anayefaa anatolewa akamalizie kwa kifungo cha nje, afagie zahanati au afyeke shule, akalale kwake. Ila lazima kwanza mtu aende nyumbani kuuliza. Ukasema, "Kifungo cha nje, Mdomo! Nitafyeka hiyo shule mpaka walimu wakimbie."

Nikamkumbuka yule kijana wa faili. Nikakwambia, "Bado, Mjomba. Hajaja."

Nilipotoka nilimkuta Mama Kulwa kwenye foleni ya wageni, yule mama wa kifugaji tuliyezoea kukutana naye, ambaye mume wake aliingiza ng'ombe hifadhini. Siku hiyo hakuwa na sabuni wala kifurushi. Alikuwa amekuja kumchukua mzee wake. Nikamuuliza mmefanyaje. Akasema, "Alikuja kijana na faili. Tulipoulizwa tukasema ni wetu. Tukamwonyesha mpaka kitanda chake." Hawa ni watu waliokuja juzi na mifugo yao, Mjomba, ambao sisi wenyeji tunasema hawajui taratibu za hapa. Wao walisema ni wetu.

Ningeweza kwenda ofisini siku ile ile. Miguu ilikuwa yangu na ofisi haikuwa mbali. Lakini nikajiuliza nitasema nini? Kwamba mimi mjumbe nilidanganya serikali? Watauliza kwa nini, na nikieleza kwa nini nitakuwa nimemtoa mume wangu. Nikasema wiki ijayo. Wiki ijayo ikawa tukivuna vitunguu. Halafu ikawa mvua, barabara imekatika. Nilikuja mara mbili zaidi, na mara zote mbili uliniuliza, na mara zote mbili nikasema bado. Ile ya mwisho hukuuliza kwa sauti, uliinua nyusi tu, nami nikatikisa kichwa. Ukasema, "Basi watakuja. Kazi ni nyingi." Ulikuwa unawatetea, ukihema kama mtu aliyepanda mlima.

Siku niliyoamua kweli, nimeshavaa, nimemwambia na Baba Tumaini liwalo na liwe, naye amesema nenda, mke wangu, hata kama watanichukua, simu ikalia, kutoka gerezani. Hawakusema mengi. Walisema ndugu waje.

Ijumaa Kuu mchungaji alisoma habari za Petro, alivyomkana Bwana wake mara tatu kabla jogoo hajawika. Nilitoka nje nikasimama kwenye jua. Watu walidhani ni kichwa.

Nikamtafuta yule kijana, Mjomba. Nilimkuta Mikumi kwenye mkutano wa wajumbe, anatueleza mambo haya haya, kwamba siku hizi mahakama nazo zinauliza taarifa ya nyumbani kabla ya kufunga mtu kwa kosa dogo, na kwamba gereza halijai kwa wezi wakubwa, linajaa kwa watu wa kuni, mkaa na ng'ombe, na wa ndoo ya asali. Alisema taarifa yote inasimama kwenye mdomo wa mtu wa karibu. Alisema hivyo hasa, mdomo. Watu walipotawanyika nikamfuata, nikamwambia kila kitu, hata ndala. Sikujali tena.

Kisha akasema, "Mama, mimi nilikuja kumtoa."

Nikamwomba afungue faili aandike kwamba unafahamika. Nilimsihi kama mtoto. Akasema faili limefungwa, mwenyewe hayupo. Nikamwambia basi andika hata pembeni, kwa penseli. Akanishika mkono tu. Alikuwa na machozi, kijana wa watu, na kosa halikuwa lake. Ya ndala hakuyafuatilia. Alisema wewe ulishayalipa.

Nilisema simfahamu, Mjomba, kwa sababu sikufahamu. Hiyo ndiyo sentensi yangu yote ya kujitetea, na haitoshi. Maana baadaye nilifahamu, nikanyamaza.

Sasa hapa kitongojini wako watatu wa kifungo cha nje, na daftari lao la mahudhurio ninalishika mimi. Yule wa mkaa ana malalamiko hayaishi, mara mgongo, mara jua. Nikamwambia fyeka, baba, fyeka na ushukuru, kuna mtu alililia hilo fyekeo lako. Jioni nikamwona anarudi kwake, bega moja juu, mke wake amemtokea mbele kumpokea fyekeo. Nikaingia ndani nikafunga mlango.

Baba Tumaini hagusi asali. Msalaba wako ameuchonga yeye. Ulikuwa umekwisha, bado maandishi, akaja kuniuliza aandike jina gani, lile la kijijini au la ubatizo. Nikamwambia andika lote, Yeremia Mkwanda, herufi kubwa, msomaji asipate shida.

Sikuombi unisamehe leo, ningekuwa nakuharakisha, na wewe hukupenda kuharakishwa. Naomba tu ujue kwamba sasa nimesema. Na nakuahidi hivi: akishuka mtu yeyote hapa na faili, amtafute nani, mkata kuni, mchoma mkaa, hata yule kichaa wa mferejini, nitasimama kabla hajamaliza kusoma jina, niseme ni wetu. Na kama siku moja, kwa makosa ya makaratasi, akaja mwingine kukuulizia wewe, sitampa maji kwanza. Nitamshika mkono nimpandishe hapa mlimani tulikokuzika, nimwonyeshe kitanda chako.

Lala, Mjomba. Ninakufahamu.

Mdomo wako